Nyota ya Afande Ndani ya Mashine

Dada Nekesa,

Nakusalimu wewe na Mama, na chumba chetu cha Namakwekwe chenye majirani wasiolala. Kifua chako kimepona? Na Mama, bado anaona mlango? Mimi mzima, Jinja haijanimaliza. Barua analeta dereva wa kanisani kwetu, maana simu yangu anayo Madamu, mke wa Afande, mpaka nimlipe.

Ile mashine yao ya kufulia, waliyoagiza Ulaya na kuifunika kitambaa kama meza ya padri, iligoma. Fundi akaja kutoka Kampala, akaifungua, akatoa kwenye pampu nyota moja ya begani ya Afande. Pampu mpya iliagizwa huko huko Ulaya, na bei yake imemeza pesa yote niliyoweka Mama apasuliwe jicho, na mishahara yangu mpaka Pasaka.

Sasa sikia. Katika nyumba hii mfanyakazi hatii mkono mfukoni mwa sare ya Afande. Aliyenitangulia alifukuzwa kwa hilo. Mimi nafua nilivyoagizwa, mifuko siigusi. Nikamweleza Madamu hivyo hivyo, kwa adabu.

"Wewe nafua, wewe nalipa," akasema. "Mimi siko na maneno mingi."

Afande aliifuta nyota yake kwa kidole, akafurahi. "Kumbe iko huku," akasema, kisha akaketi kula nyama niliyompikia.

Mashine imepona. Lakini Madamu anasema kitu cha ghali vile hakiachiwi mtu kama mimi, kwa hiyo sare, mapazia na mablanketi yote nafua kwa mikono, na mshahara wangu unalipia mashine iliyopumzika. Mwenye nguvu mpishe. Namchukia, dada. Na kutoroka siwezi, nani humtoroka Afande?

Nisalimie shemeji, na mama mwenye nyumba, mwambie asichoke kutuvumilia kodi. Wasalimie wanao.

Daktari alisema Mama asipopasuliwa kabla ya Krismasi, jicho la pili nalo litazima. Basi Mama ukimsomea, soma salamu tu. Mwambie nimenenepa, na daktari amesafiri. Ruka haya mengine yote. Hataona kwamba umeruka.

Mdogo wako,
Nasimiyu