Marando Yako Yamerudi

Mayu,

Nakuandikia nikiwa na hasira. Ulikuwa mama mkwe wangu, lakini ni wewe tu niliyeweza kukuambia ya moyoni.

Kile kibustani chako cha bondeni, pale penye unyevu chini ya kisima, hakipo tena. Msiba wako haujapoa, mwanao Masanja akawapa wanunuzi wa pamba wajenge ghala. Siku hizi ni soko huria, kila mwenye lori ni mnunuzi. Wakang'oa marando yote ya viazi vitamu, wakayatupa juani. Nilipopiga kelele, Masanja alicheka: “Shemeji, unalilia majani ya mbuzi?”

Majani ya mbuzi! Na michembe ya viazi vikavu aliyokulia yeye ilitoka wapi?

Unakumbuka nilivyokuja kutoka Lamadi, mtoto wa wavuvi, nikakuuliza mbegu za viazi umeziweka wapi? Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukakata rando moja, ukaniwekea kidole kwenye vifundo. “Mizizi inatokea hapa. Fukia hapa, ncha iache nje. Mbegu ndiyo hiyo hiyo shina.”

Basi mvua zikanyesha, matuta yakawa tayari, na kijiji kizima hakina rando. Kiangazi kilikuwa kimekausha ya kila mtu, na wote walizoea kuja kwako. Nikaenda Kalemela kwa mdogo wako, yule uliyemfungia mzigo wa marando alipoolewa. Shambani kwake nikayaona, majani yenye ukingo wa zambarau. Yako, Mayu. Wala si uzao wa yale ya kwako, ni yaleyale, yamekatwa na kupandwa, yamekatwa na kupandwa. Nililia juu ya tuta la watu.

Nikarudi na gunia bichi kichwani. Mke wa Masanja akaja kuomba. Nikamwambia, “Nitakupa, ila mumeo aje mwenyewe.” Akaja, kofia mkononi. Sikumpa kiti. Nikamuuliza mbele ya majirani, “Umefuata majani ya mbuzi?” Nikamkabidhi jembe. Akalima kitalu kipya nyuma ya bafu langu, maji ya kuogea yanakopita, jasho likimtoka, ndipo nikamkatia.

Hajaomba radhi. Mimi pia sijamsamehe, na usinisihi.

Pumzika, Mayu. Kila mwanamke anayekuja kwangu nampa kwa sharti moja tu: kiangazi ayatunze kwake pia. Nakuahidi, hatatokea tena mtu mmoja wa kuyamaliza asubuhi moja.

Mkwe wako,
Kabula