Lango la Upande wa Yelland

Shamba la Haskew,
Powder River, Wyoming.
9 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Leland,

Nakuita Leland kwa sababu ndilo jina alilokupa mama. Hilo la Colt, la jukwaani, waachie hao wanaolipa kiingilio. Habari za Nashville? Koo linaendeleaje? Na mgongo, bado unakusumbua ukisimama sana? Sisi huku tupo. Theluji ya kwanza imeshaanguka milimani na ng'ombe tumewashusha wote salama. Baba ni mzima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonikalisha hapa mezani, na nakuonya mapema kwamba sikuandikii kwa wema.

Video yako tumeiona. Mwenye duka la chakula cha mifugo aliiweka kwenye runinga, watu wakasimama na magunia yao begani wakakodoa macho. Umependeza, sikatai. Siku hizi kila mtu ni mchunga ng'ombe bwana! Wasichana wa mijini wanavaa buti, mabwana wakubwa kwenye taarifa ya habari wanavaa kofia pana, juzi nimesikia mmoja anasema ati mwezini ndiko kwenye mpaka mpya, kana kwamba kuna nyasi kule. Huku kwetu mpaka ni waya wa miiba, na theluji ikiyeyuka lazima mtu akaukaze. Wewe hujaukaza tangu uote ndevu.

Na huo wimbo! Eti baba yako alikufunza kuishi kiume. Nilitamani kuirushia ile runinga kiatu.

Hebu tukumbushane ya Juni. Ulikuja na wapiga picha wako wiki ile ya kutia ndama chapa, wakati majirani wote wako kwetu wanatoka jasho bure, kama sisi tunavyotoka jasho kwao. Wewe hukushika hata chuma kimoja. Ulitaka farasi wapite kwenye lango la upande wa jirani Gus Yelland jua likizama, kwa sababu vilima vya kule vinapendeza. Sawa, nikasema, mradi unajua sheria: lango unaliacha ulivyolikuta. Ukanicheka. Ukasema, "Dada, mimi nimezaliwa hapa."

Kesho yake asubuhi, mlipokwisha kuondoka kwenda uwanja wa ndege, lango likakutwa wazi. Fahali wetu mwekundu alikuwa amelala na kushiba katikati ya mitamba ya Gus, mitamba wadogo ambao hawakustahili kabisa kupandwa na dume la ukubwa ule. Sasa daktari wa mifugo ameshawapima. Wengi wana mimba, na wewe unajua mtamba mdogo anavyozaa ndama mkubwa. Wengine hawatapona.

Baba alikuwa amepita lango hilo siku ya kupiga picha, asubuhi, kupeleka chumvi. Na unajua alivyoanza kusahau. Miwani tunaikuta ndani ya friji, na mimi ananiita kwa jina la mama. Basi aliposema, "Ni mimi, hakuna mwingine," nani angembishia?

Alikwenda kwa Gus mwenyewe. Nilikuwa kwenye pikapu, nikamwona anavua kofia. Leland, umewahi kumwona baba amevua kofia mbele ya mtu nje ya kanisa? Akasema, "Gus, kichwa kimeanza kunitoka. Nisamehe." Gus, aliyekula nyama na maharage kwetu kila msimu wa chapa tangu hatujazaliwa, akamtazama akamwambia, "Basi kaa nyumbani, Orrin." Akafunga mlango. Wakati wa kushusha ng'ombe hakuja, na wanawe hawakuja.

Tangu siku hiyo baba hajapanda farasi. Funguo za pikapu amenikabidhi. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja mtu kutoka Sheridan kumchukua Tobe, farasi wake, na Jumatatu inayofuata anataka nimpeleke kwenye nyumba ya wazee. Nimelia, nimegomba, nimesusa kupika. Ananijibu taratibu, "Verlene, mtu anayesahau lango hafai kuishi karibu na mifugo ya watu."

Ndipo nilipoiona video, nikaliona lile lango, nikakupigia simu. Na wewe bila hata haya ukaniambia, "Ah, lile lango? Mwongozaji alitaka libaki wazi, turudie asubuhi. Halafu tukaondoka mapema nikasahau. Si lango tu, dada?" Si lango tu! Nilipokwambia mzee anajitwisha lawama yeye, ukasema nisimwambie, ati ataumia kwa sababu anakuonea fahari. Huna haya hata chembe. Fahari hiyo unailinda kwa mgongo wake.

Nilimwambia baba usiku uleule. Hakuniamini. Alidhani namtafutia unafuu. "Leland? Hawezi. Mtoto yule nilimfunza lango kabla sijamfunza farasi."

Kesho yake akaenda dukani kuitazama video mwenyewe. Wewe unapita na farasi wako, unaimba, na lango liko wazi nyuma yako mpaka picha inakwisha. Akageuka, machozi yanamlengalenga, akaniambia mbele ya watu wote, "Umeona? Nilikuwa nimeshaliacha wazi. Mwanangu kaliacha alivyolikuta."

Mimi siwezi kulisema jambo hili tena. Limebaki kwako. Panda ndege kabla ya Jumamosi hiyo, uje umwambie baba kwa kinywa chako, halafu uende kwa Gus uvue hiyo kofia yako ya video. Usinitumie mtu, usinitumie maua, na usitunge wimbo.

Shangazi Idella anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri. Yeye hajui kitu. Gus Yelland hana salamu kwako, wala baba hana kwetu sote siku hizi, ila kila wimbo wako ukipigwa redioni anaongeza sauti. Mungu akulinde njiani, na akutie aibu ya kukutosha kufika.

Ukija, lango la barabarani utalikuta limefungwa. Baba ndiye anayelifunga. Analifunga, anafika mlangoni, anasimama, anarudi kulishika tena kuona kama kweli limefungwa. Jana nilimkuta bado yuko pale, amelikumbatia, na theluji inamwangukia.

Dada yako anayekupenda, na ambaye hajakusamehe,
Verlene