Siku Nilipoomba Kitanda

Mtaa wa La Pamba,
Popayán, Kolombia.
Jumatano ya Oktava ya Pasaka, 20 Aprili 2022.

Mpendwa mwanangu Mireya,

Amani ya Kristo Mfufuka iwe nawe huko Vigo. U hali gani? Na mwanao Nicanor, kile kikohozi chake cha majira ya baridi kimekoma? Sisi huku tu wazima, na neno hilo mwaka huu silitamki kwa mazoea.

Ulinisihi kwa simu, mara nyingi kuliko nilivyostahili kusihiwa, nijiunge na kikundi cha wagonjwa wa moyo pale kliniki. Nilikukatalia. Leo nakuandikia kukushukuru, na ni haki yako kujua ninachokushukuria.

Nilipotoka hospitali moyo wangu ulikuwa umetibiwa, bali mimi sikuwa nimepona. Dawa nilikunywa kwa saa zake. Hata hivyo sikuthubutu kujinyoosha kitandani. Nililala nimeketi kwenye kiti cha ngozi cha babu yako, nikiusikiliza moyo kama mtu asikilizaye mwizi darini. Kanisani niliacha kwenda kwa sababu ya zile ngazi. Mama yako mkubwa Otilia alinifuata hadi mlango wa bafu.

Nami niliyelelewa seminari nilidhani hofu ile ni upungufu wa imani. Nikaiungama. Padri Evelio alinisikiliza hadi mwisho, kisha akakataa kuniondolea dhambi.

"Mzee Leónidas, hapa hamna dhambi ya kuondoa," aliniambia. "Huu ni ugonjwa kama ule wa kwanza. Kukuombea nitakuombea, lakini Jumanne uende kule anakokutuma Mireya."

Nikaenda. Daktari Yamile, mtaalamu wa saikolojia, huwaketisha wagonjwa duara, kila mmoja akaeleza anachokiogopa. Zamu yangu ilipofika nilisema mimi siogopi kitu. Unatujua sisi tubebao sanamu za Juma Kuu: boriti ya jukwaa la sanamu hata ikitoboa bega, hatusemi. Anayeishiwa nguvu njiani husemwa ameomba kitanda, na wajukuu wake watakumbushwa.

Aliyenichokoza ni Bi Rosalba, muuza sambusa za sokoni, mwenye vali ya moyo ya kuwekewa. "Huyu mzee kabeba watakatifu mji mzima," aliwaambia wenzake, "leo moyo wake mwenyewe unamshinda. Sema basi, au mpaka tukupigie kengele ya maandamano?"

Wakacheka, nami nikacheka, na kicheko hicho kikanifungua kinywa. Nikasema neno ambalo mwanamume wa ukoo wetu hajapata kulisema: "Naomba kitanda."

Hapo hakuna aliyecheka. Bi Rosalba akanisogezea kiti chake. "Karibu, mzee. Sisi wote tumo humo humo. Tubanane tu."

Nililia mbele ya watu, mwanangu. Tangu hapo Daktari Yamile alinifundisha kuutambua mpigo wa hofu, nisiuchanganye na zile dalili ambazo daktari wa moyo aliniagiza nisizipuuze. Akanipandisha ngazi za kanisa kidogo kidogo, Otilia akiningoja chini. Naye alifundishwa kuningoja, maana hofu yangu ilikwisha kumwambukiza.

Ijumaa Kuu, katika maandamano, kijana wangu Fabián alisimama mahali pangu, chini ya boriti ya mbele ya sanamu ya Mama wa Mateso. Mimi nilitembea ubavuni mwake na mshumaa. Tulipokata kona niliona bega lake likishuka chini ya boriti, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Ukichoka, sema."

Alinitazama kana kwamba nimetukana. "Wewe ndiye unayeniambia hivyo, baba?"

"Ndiyo, mimi."

Alibeba hadi mwisho. Hakuomba, ila alijua kwamba angeweza kuomba, nami nikamshukuru Mungu kwa hilo kuliko kwa mwendo wenyewe.

Msalimie mumeo Anselmo, na Nicanor umbusu kwa niaba yetu. Otilia na Fabián wanakusalimu sana. Padri Evelio anakutaja katika Misa. Mungu aliyeuhifadhi moyo wangu auhifadhi na wako, usiochoka kunisihi.

Kile kiti cha babu yako sasa amekirithi paka.

Wako akupendaye, alalaye kitandani,

Baba yako mkubwa,
Leónidas