Nyota za Salha Zimeburuzika

Somoe, kitendawili! Ana meno ya chuma, hatafuni, lakini kaharibu nyota zote za hapa kijijini Mahurunga.

Huwezi? Nipe mji!

Mjukuu wangu Salha anapiga picha ya nyota ya kupeleka kwenye shindano, mwisho kesho asubuhi. Kamera yake yenyewe inazifuata nyota zikisogea, kwa dira iliyo ndani. Mimi nimekaa ubavuni mwa kamera, namtazama.

Kila picha, nyota zimeburuzika kama njia ya konokono!

"Bibi, kuna chuma hapa? Kinapotosha dira."

"Chuma kitoke wapi, mke mwenzangu? Piga tena!"

Mara tano, Somoe! Mara tano nambishia!

Mwisho akaiacha kamera, akanigeukia. "Bibi, kweli hakuna chuma?"

Nikainuka taratibu.

"Kipo. Nimekalia mbuzi ya kukunia nazi."