Mshale Ulisema Zinabaki

Gakenia,

Jumanne ya leo ndiyo siku mambo yameharibika. Githeri iko kwa jiko, ongeza maji. Kompyuta usiiguse kabla hujanisoma mpaka mwisho.

Nilitaka picha za mama yako zichapishwe kubwa, za misa ya ukumbusho. Nikashika folda yake na mshale, nikaivuta mpaka kwa flashi vile ulinionyesha. Alama ya kujumlisha ikatokea kando ya mshale. Si ulisema ukiiona, inaenda nakala na zenyewe zinabaki? Nikaachilia.

Kule Kaloleni nilikoipeleka ichapishwe, Sabir wa saiba, ile ya kompyuta, akasema, "Mzee, hii flashi imejaa virusi. Nifute?"

Nikamjibu kwa maringo, "Futa tu, picha ziko nyumbani, nitaleta tena."

Kufika nyumbani, folda haiko. Mshale ulionyesha nakala, kumbe zilikuwa zinahama zote.

~~Stima ilipotea ndio picha zikapotea.~~ Hapana, huo ni uongo.

Hao wakubwa wanaotengeneza hivi vitu wamesoma hadi wapi, na alama moja ya kweli imewashinda? Lakini aliyesema "futa" ni mimi. Ndiyo maana nimetoka kabla urudi, nimeshindwa kukuangalia machoni. Nimeenda kumbembeleza Sabir ajaribu kuzirudisha. Chakula changu kifunike, usiningoje.

Baba yako

Nimempigia shangazi yako Charity, hashiki simu. Ile video ya mama akikucheka kule ziwani Usenge ukiogopa maji, nayo ilikuwa kwa folda hiyo; uliwahi kumtumia shangazi?