Betri za Redio Kwenye Gemu ya Digna

Jumatatu, 12 Agosti 1996
"Mwanga usioonekana ni mwanga wa wachawi." Kayasema hayo mwenyekiti wetu wa kitongoji, Hermenegildi, mbele ya watu wazima, bila aibu! Joto la pasi nalo halionekani, mwenyekiti — shati lako limenyooshwa na wachawi? Nimechoka. Nimezeeka nikifundisha shule na kuandika barua magazetini, na bado nabishana haya.

Ugomvi wenyewe: mdogo wangu Digna ana chumba cha gemu Kibaoni. Vijana wanalipa, wanacheza kwenye televisheni. Rimoti hazina waya. Kuna kijisanduku kinachopokea miale yake isiyoonekana. Jana umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, adapta ya kijisanduku ikaungua. Gemu kimya. Hermenegildi anasema hiyo ni ishara, chumba kifungwe. Digna ni mjane, hana shamba. Chumba hicho ndicho ugali wake.

Jumanne, 13 Agosti
Adapta mpya mpaka Dar. Nani angoje? Imeandikwa volti sita — basi, betri nne za redio yangu! Zilikuwa hoi. Tukazianika juu ya bati kutwa nzima zipate nguvu, kama afanyavyo kila mtu. Jioni tukazifunga pamoja kwa mpira wa baiskeli, tukaunga waya. Kitaa cha kijisanduku kikawaka. Kijitu cha kwenye televisheni kikaruka! Digna akacheka mpaka machozi: leo dada umefanya kazi kwa mikono, si kwa mdomo.

Hermenegildi akapiga hodi, akauliza: Mnaficha nini nyuma ya pazia? Nikamwambia alete kamati yake keshokutwa baada ya misa. Tutaitoa gemu uani, juani, kila mtu aone. Digna alinivuta kitenge ninyamaze. Ninyamaze, mimi!

Alhamisi, 15 Agosti. Kupalizwa Bikira Maria
Wamekuja wote. Televisheni juu ya meza uani, kitaa kinawaka. Digna akabonyeza — hakuna. Tena — hakuna! Bi Dorika, mjumbe, akauliza: "Mwalimu, betri zako zimebaki kanisani?" Vicheko. Hermenegildi akatoa kufuli mfukoni. Alikuja nalo!

Nikainama kukagua waya. Kivuli changu kikaangukia kijisanduku — kijitu kikaruka. Nikasogea, kikaganda. Jua! Jua lina miale hiyohiyo, linakizidi nguvu. Na aliyekileta juani ni mimi.

Nikawaeleza. Hermenegildi akageukia wenzake: "Mmesikia? Kinataka kivuli cha mtu!" Wakarudi nyuma.

Tumerudisha kila kitu ndani. Kinacheza vizuri, na hakuna wa kukitazama. Digna hataki kuniangalia. Kitaa kimeanza kufifia. Wao wako uani, hakuna anayevuka kizingiti. Naandika nimeegemea mlango, maana nikifungua mdomo sasa nitatukana. Haya ndiyo nitakayowasomea:

Hermenegildi, Bi Dorika, wajumbe wote: kosa la juani ni langu, msimlipishe Digna. Rudisheni kufuli mfukoni. Ingieni ndani mtazame, sasa hivi, kabla betri hazijaisha. Ingieni!