Kofi la Nne

Mwanangu mpenzi,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mkwe wangu na wajukuu wangu, na yule mdogo awe ameshapona kikohozi. Mimi afya ninayo. Goti la kushoto linalalamika asubuhi, lakini hilo unalijua tangu unasoma, halijawahi kuwa habari.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu zetu siku hizi ni fupi. Unauliza kama nimekula, nasema nimekula, kisha tunasikilizana tukipumua. Najua una neno moyoni. Mama yako mdogo amenifikishia: unasema baba hakutoa chozi mazishini, akarudi kazini kabla hata viti vya kukodi havijarudishwa, na mpaka leo hataki nguo za marehemu ziguswe wala haelezi kwa nini. Umesema huenda sikumpenda. Sikukasirika. Ningependa kukuambia kwamba nilikasirika, lakini tangu tumzike mama yako sijakasirika wala kufurahi. Nakula kwa kuwa sahani iko mbele yangu. Chumvi ikizidi, jirani ndiye anayeniambia.

Sasa habari yenyewe. Unamjua Kimulimuli, yule binti mwimbaji ambaye picha yake imebandikwa kila ukuta. Anatoa albamu ya nyimbo za dansi za enzi zetu, zile tulizozicheza na suruali pana zikifagia sakafu. Ameziimba upya zote. Kati yazo umo na ule wimbo wa makofi. Hadithi yake umeichoka, ila naiandika ili wajukuu waje waisome. Mimi nilikuwa fundi umeme wa studio, mama yako akipika chai kantini. Siku ya kurekodi, kiongozi wa bendi alitaka makofi kwenye kiitikio, na wanamuziki wake wote walikuwa na vyombo mikononi. Akatoka kwenye korido akakamata aliowakuta: mimi na bisibisi yangu, mama yako na aproni yake, mlinzi wa mlango, na dereva aliyeleta spika. Tukapiga makofi. Wimbo ukavuma, na sisi wawili tukaoana.

Kimulimuli aliisikia hadithi hiyo, akataka wapigaji walewale. Mlinzi na dereva walishatangulia mbele ya haki, basi nikaitwa peke yangu. Studio yao iko ghorofani, juu ya duka la miwani, kuta zimevishwa sponji kama godoro. Binti mwenyewe aliniamkia kwa heshima, akanipa kiti kabla sijaangaza macho kukitafuta. Akanieleza kwamba wimbo ule bibi yake alikuwa akimbeba na kuucheza naye jikoni, na alipoiweka santuri ya zamani machozi yakamtoka. Mimi nilimtazama kama mtu anayetazama mvua ya mtaa wa pili.

Fundi mitambo wao alinieleza kwamba nitapiga makofi peke yangu mara nne, naye atanasa kila mara, kisha kompyuta itayapanga pamoja tusikike watu wanne. Kwanza akanivisha hedifoni nisikilize ya zamani nipate mwendo. Hapo nikamsikia mama yako. Makofi matatu yanalia kwa pamoja, la nne linakuja nyuma. Wewe unamjua. Siku ya harusi yetu msajili alitazama saa yake, kisha akanitazama mimi kwa huruma. Kila nikimwambia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, ananijibu kwamba haraka haraka haina baraka, na ugomvi unaishia hapo.

Nikapiga langu. Nikapiga la mlinzi, nikapiga la dereva. Ilipofika zamu ya mama yako nikajaribu kuchelewa, nikashindwa. Mikono ilikwenda na ngoma. Tulirudia mpaka viganja vikawa vyekundu. Fundi akaniambia kwa upole kwamba nisijisumbue, yeye anaweza kulisogeza kwenye kompyuta, ila nimwambie kiasi gani. Nikafikiri. Nikamwambia alisogeze mpaka mtu aanze kudhani halitakuja, kisha ndipo lije.

Hakucheka. Akalisogeza, akaufungulia wimbo. Matatu yakalia. Nikangoja. Likaja. Kimulimuli akafurahi, akasema libaki vivyo hivyo, na mimi nikaomba maji ya kunywa.

Mwanangu, ni wakati nashuka ngazi zile ndipo nilipojielewa. Sikulia kwa sababu nilikuwa namngoja. Akili haijanihama, niliona jeneza likishuka, na mchanga niliutupa kwa mkono wangu. Lakini nimemngoja mama yako maisha yangu yote ya ndoa, vituoni, kwenye sherehe za watu, mlangoni pale nikiwa nimeshavaa viatu, na kila nilipodhani haji, alikuja. Mwili umezoea. Ndiyo maana nguo zake sijaziondoa. Na ulipokuja ukanigombeza kwamba nalala bila kutia komeo na wezi wataniingilia, sababu ilikuwa hiyohiyo. Nililiacha wazi kwa ajili yake, kama tulivyofanya alipokuwa akirudi zamu ya jioni, maana ufunguo hufungua kitasa tu, komeo hauliwezi.

Lile kofi limeletwa na kidole cha fundi. Nilimwona akilileta. Mwenyewe haji.

Bado sijalia, nisikudanganye. Huenda chozi langu limemwiga mama yako, nalo liko njiani.

Njoo siku utakayopata nafasi, mje na mama yako mdogo, tugawe nguo. Lile gauni la kijani lichukue wewe. Albamu ikitoka utaisikia kila duka, huna pa kuikimbia. Kiitikio kikifika, sikiliza. Makofi yote manne ni ya mikono yangu, lakini la nne usinihesabie mimi.

Nisalimie mkwe wangu, na wajukuu wabusu kwa niaba yangu. Mkija gongeni kwa nguvu, ufunguo wako peke yake hautatosha. Jana nimetia komeo.

Ni mimi,
Baba yako